Raundi tano kwenye baa ya mtaani

Ikiwa unaishi Nairobi, huenda unaijua baa ya aina hii. Viti ni vya mbao, muziki ni wa sauti ya chini, na bia hutoka katika mapipa ya kiwanda kidogo badala ya zile chupa tulizozoea. Wateja wanajuana kwa majina. Asipoonekana mmoja kwa siku mbili, wenzake humpigia simu au huenda kumbishia mlango. Hilo si jambo dogo kwa afya, kwani upweke nao huua. Kwa hivyo leo, msomaji, hatukuambii uwatoroke marafiki zako. Tunataka tu tupige hesabu pamoja.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Bia za viwanda vidogo aghalabu huwa kali kuliko hiyo. Ile chungu iitwayo IPA hufika asilimia 6 au 7, na glasi yake ya mililita 500 inaweza kuwa na gramu 27 hivi. Ukinywa glasi tatu, umekunywa zaidi ya chupa nne za ile bia yako ya zamani, ingawa wewe mwenyewe utaapa kwamba ulikunywa "tatu tu". Kiwango huandikwa kwenye chupa au ubaoni. Usipokiona, muulize mhudumu.

Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi za pombe kwa saa. Kahawa, supu ya mbuzi na maji baridi ya bafuni haviliharakishi.

Sasa tazama desturi ya raundi. Mkiwa watano mezani, na kila mmoja akiona haya kuondoka kabla ya kununua yake, basi kila mtu atakunywa glasi tano, hata yule aliyekuja kwa moja. Glasi tano za IPA ni zaidi ya gramu 130. Aliyeanza saa kumi na mbili jioni huenda bado ana pombe damuni saa mbili asubuhi, akiwapeleka watoto shule kwa gari na akiamini kwamba usingizi umemtoa ulevi. Afadhali mkubaliane kabla ya kuketi kwamba kila mtu atajilipia. Marafiki wa kweli hawatanuna, au watanuna siku moja tu.

Kuna wanaojitetea kwamba bia hii ni safi. Ni kweli kwamba si kama pombe haramu iliyotiwa methanoli, ambayo mwaka wa 2000 iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi na kuwapofusha wengine. Lakini kileo chenyewe hakibadiliki kwa sababu kimetengenezwa kwa ustadi. Tangu 1988 pombe imo katika orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, na mwaka wa 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema wazi kwamba hakuna kiasi kisicho na hatari kwa afya.

Wapenzi wa nyama choma nao wana lao. Bia na nyama nyekundu huongeza asidi ya yuriki mwilini, na pombe huzuia figo kuitoa. Matokeo yake ni jongo, maumivu makali ambayo mara nyingi huanza usiku kwenye kidole gumba cha mguu. Ukishawahi kuugua, bia ndiyo ya kwanza kupunguzwa.

Ikiwa unatumia dawa za kisukari, za kifafa au za usingizi, zungumza na daktari kabla ya kugusa glasi. Mama mjamzito asinywe kabisa.

Na ikiwa umekuwa ukinywa sana kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kupata kifafa katika siku mbili tatu za kwanza. Nenda hospitalini uachishwe polepole chini ya uangalizi, na umwombe mmoja wa wale mnaoketi nao akusindikize.