Usiisingizie Tabora, Mdogo Wangu

Wewe unayefunga mabegi kutoka Dar kwenda kuanza kazi Tabora, njoo tukae. Umeambiwa kule ni juu, hewa nyepesi, na wewe una pumu. Sasa usingizi huupati.

Kweli Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, mwenye pumu iliyotulia kwa kawaida haoni tofauti. Ungeniambia unapanda Kilimanjaro, mita 5,895, ningekwambia umwone daktari kwanza. Tena kule Davos, Uswisi, juu kuliko Tabora, wenye pumu hupelekwa wapate nafuu, maana wadudu wadogo wa vumbi la godoro hupenda unyevu, na hewa kavu ya mlimani haiwafai.

Cha kuogopa Tabora ni kingine: vumbi la kiangazi, baridi ya alfajiri ya Juni na Julai, moshi wa kuni, na ukifika Urambo au Sikonge, moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku. Jifunge mtandio puani, na jiko la kuni likae nje.

Wenyeji watakukaribisha kwa asali ya miombo na tangawizi. Kunywa, mdogo wangu, koo litalainika. Ila asali haifungui mirija iliyobana, na mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe kabisa. Nyungu ya mkaratusi? Harufu kali yaweza kukuamshia pumu, na maji ya moto yanaunguza. Akija mtu na majani ya mnanaha uvute moshi wake, kataa. Ni kweli yana kitu kinachopanua mirija, lakini ni sumu: kipimo kikizidi kidogo mtu anaweweseka, hata kufa.

Inhela ya kuzuia itumie kila siku kama ulivyoandikiwa, hata ukijisikia mzima. Ile ya kufungua kifua isitoke mkobani. Ukishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, ivute huku ukikimbizwa hospitali. Usisubiri chai ichemke.

Basi kabla hujakata tiketi, pita kliniki uchukue dawa ya kukutosha mwezi wa kwanza.