Kubadilishana bastola: kibali hakihami na chuma

Mtu akitoa bastola ya kawaida ili apewe ya zamani isiyopatikana kirahisi, hata kama hakuna faranga iliyopita mkononi, sheria inaona mambo mawili kwa mpigo: kila upande umetoa silaha, na kila upande umepokea silaha. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mambo hayo yanaongozwa na Amri-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, iliyotungwa enzi za Zaire. Msingi wake ni kwamba raia hana silaha ya moto kwa haki ya kuzaliwa nayo. Anakuwa nayo kwa ruhusa ya serikali, na nje ya ruhusa hiyo kuimiliki, kuibeba, kuiuza na kuiingiza nchini ni makosa.

Ruhusa hiyo hutolewa kwa maandishi, na karatasi hiyo inamfunga mtu mmoja na chuma kimoja. Kibali hicho kina jina la mwenye silaha, aina ya silaha, kipimo cha risasi na namba iliyochongwa mwilini mwake. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwenye kibali halali cha Browning ya milimita 9 hudhani kwamba kibali hicho kinamfanya kuwa «mtu mwenye ruhusa ya bastola», basi akiibadilisha na nyingine ameruhusiwa tayari. Sivyo. Siku anapoitoa Browning yake, kibali chake hakina tena kitu cha kuruhusu. Na ile aliyoipokea haina kibali mikononi mwake. Mwenzake naye yuko katika hali ile ile. Watu wawili walioamka asubuhi wakiwa ndani ya sheria wanalala usiku wote wawili wakiwa nje yake, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Historia ya mkoa wa Lualaba ndiyo inayolifanya swali hili kuwa la kweli na si la vitabuni tu. Kolwezi, mji wake mkuu, ilikuwa ngome ya mwisho ya utengano wa Katanga hadi jeshi la Umoja wa Mataifa lilipoingia mjini Januari 1963. Mwezi wa Mei 1978 mji uliona vita tena, waasi wa FNLC walipouteka na askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashushwa tarehe 19. Kabla ya hayo palikuwa na miaka mingi ya maajenti wa Kibelgiji wa kampuni ya madini ya Union Minière. Kwa hiyo chuma cha Herstal, mji wa kiwanda cha FN karibu na Liège, si kitu cha kushangaza katika urithi wa familia, mtu awe anakaa Manika, Dilala au upande wa Kingamyambo. Kama bastola ya aina hiyo imekutwa katika vitu vya marehemu, warithi hawairithi pamoja na kibali cha baba. Kibali kilikwisha naye, na silaha inapaswa kutangazwa kwa mamlaka kabla ya kuzungumzia kuibadilisha na chochote.

Mfano mmoja unasaidia kuona jambo kwa karibu. FN ya mwaka 1900, iliyobuniwa na John Browning, inatambulika upesi: mtutu wake umekaa chini na springi iko juu yake, kinyume cha bastola nyingi zilizofuata. Magazini yake inabeba risasi saba za milimita 7.65. Vibao vya mpini wa matoleo mengi vina herufi FN na juu yake picha ndogo ya bastola yenyewe. Mwenye kukusanya vitu vya zamani ataitazama rangi ya chuma kama ni ya kiwandani, atalinganisha namba za sehemu zake, na atatafuta mhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, wenye herufi ELG ndani ya duara la yai. Hayo yote yanapandisha bei. Mbele ya sheria yana kazi moja tu, kuitambulisha silaha. Namba ikiwa imesuguliwa na tupa, mwenye kukusanya anaona hasara ya bei. Polisi anaona dalili ya wizi, na ni polisi ndiye atakayeandika pevé, yaani hati rasmi ya kosa.

Wapo wanaosema kwamba bastola ya zaidi ya miaka mia ni pambo, si silaha. Hoja hiyo imetoka nchi nyingine. Huko Marekani sheria ya shirikisho inaziacha nje silaha nyingi zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na ina daraja la pekee kwa zile zilizofikisha miaka 50. Hata huko FN ya 1900 ingechelewa kuingia katika kundi la kwanza. Ubelgiji yenyewe, baada ya mauaji ya Antwerp ya Mei 2006, ilikaza sheria yake mwezi uliofuata. Mkazi wa Kolwezi asijenge utetezi wake juu ya uzee wa chuma. Kama kinaweza kupiga risasi, kinahitaji karatasi inayokitaja chenyewe, na risasi zake pia zinahesabika.

Jambo zito zaidi ni swali la silaha ya vita. Bastola ya kawaida ya milimita 9, hasa Browning GP iliyoanza kutengenezwa 1935, imebebwa na majeshi mengi duniani. Hata ile ya 1900 ilichukuliwa na jeshi la Ubelgiji kwa maofisa wake. Raia hana mamlaka ya kujiamulia kwamba yake ni ya kujilinda tu. Kosa likiandikwa kuwa ni kushika silaha ya vita, faili linaweza kwenda kwa oditora, mwendesha mashtaka wa kijeshi, na baadaye mbele ya mahakama ya kijeshi, ijapokuwa mshtakiwa hajawahi kuvaa sare. Kifungu cha 156 cha Katiba ya 2006 kinazipa mahakama hizo makosa ya wanajeshi na polisi, na avoka (wakili) anayeijua kazi yake atapinga mapema kwamba raia si wao. Pingamizi hilo liingizwe mwanzoni, si baada ya hukumu.

Basi asili ya silaha iulizwe kabla ya uzuri wake. Bastola inayoletwa na askari au polisi ni mali ya serikali, haibadilishwi na raia kwa bei yoyote. Anayeipokea amepokea mali iliyogeuzwa njia. Inayovushwa kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, au kutoka Angola kupitia Dilolo, ni uingizaji nchini, na ruhusa yake ni nyingine. Pupu ya mwindaji, iliyofuliwa na fundi wa kijijini, nayo ni silaha ya moto, hata ikionekana duni mbele ya kazi ya Herstal.

Upande wa mkataba nao haumlindi mwenye haraka. Kanuni ya mikataba ya 1888, Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Kiraia, inadai ridhaa, uwezo wa kisheria, kitu kinachojulikana na sababu halali, na kifungu cha 30 kinasema wajibu wenye sababu haramu hauzai matokeo. Maana yake mtaani ni hii: aliyetoa bastola nzima akapewa yenye mtutu uliopasuka, au iliyoundwa kwa vipande vya bastola tatu tofauti, hana tribinali ya kumrudishia haki kama ubadilishano ulifanyika gizani. Akienda kushtaki, anakiri kosa lake. Ubadilishano ulioruhusiwa ni kitu kingine. Hapo mwenye kupewa kitu chenye kasoro iliyofichika ana dai, na karatasi iliyosainiwa na pande zote ina thamani.

Njia iliyo wazi huanza na barua kwa mamlaka ya mambo ya ndani, ikieleza silaha zote mbili kwa aina, kipimo na namba, pamoja na nakala za vibali vilivyopo. Hadi jibu la maandishi lifike, kila mtu anabaki na chuma chake nyumbani mwake. Kukipeleka kwa mwenzake «akione tu» ni kukisafirisha, na vizuizi vya barabarani havisomi nia. Jibu likiwa ndiyo, makabidhiano yaandikwe, kibali cha zamani kirudishwe, kipya kitolewe kwa jina jipya. Malipo yote yawe na risiti ya hazina. Pesa inayotolewa bila risiti haifungi faili. Mara nyingi inamfundisha tu aliyeipokea njia ya kurudi mlangoni.

Aliyekamatwa bado ana haki zake zote. Kifungu cha 18 cha Katiba kinataka aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa katika lugha anayoielewa, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Anaweza kuwasiliana mara moja na familia au avoka. Kushikiliwa katika kasho ya polisi hakuzidi saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya mahakama. Kifungu cha 19 kinampa msaada wa avoka tangu uchunguzi wa polisi. Nyumba inalindwa na kifungu cha 29, na upekuzi kwa kawaida haufanyiki kabla ya saa kumi na moja alfajiri wala baada ya saa tatu usiku, ila kwa ruhusa ya jaji. Silaha ikichukuliwa, pevé ya kukamata mali iieleze kwa namba yake, na aliyekuwa nayo asome kabla ya kusaini. Bastola ya thamani iliyoandikwa «bastola moja ya zamani» ni rahisi kupotea njiani. Asiye na pesa ya avoka aulize ofisi ya ushauri wa bure ya baraza la mawakili.