Magimbi ya Bondeni na Nderema ya Uani

Kila mmea una mahali pake. Mnazi wapenda pwani, mgomba wapenda penye mvua nyingi, na mtama huvumilia jua kali. Mkulima asiyejua jambo hili hupoteza mbegu zake na nguvu zake, hata akiwa hodari wa jembe.

Chini ya milima ya Usambara, upande wa Muheza, palikuwa na mjane mwenye wana wawili. Shamba lake lilikuwa dogo, tena lilikuwa la namna mbili. Karibu na nyumba udongo ulikuwa mwepesi, na maji ya mvua hayakukaa. Chini, bondeni, palikuwa na kipande cha matope meusi, kisichokauka hata wakati wa kiangazi. Masika yalipokaribia, mama akawaambia wanawe, "Wanangu, ghalani hamna kitu. Kila mmoja wenu na apande chakula."

Yule mkubwa akasema moyoni, "Magimbi hushibisha. Nitayapanda karibu na nyumba, nguruwe wa mwitu wasiyafikie." Mdogo akasema, "Majani ya nderema ni manene, yamejaa maji. Bila shaka mmea huu wapenda kinamasi. Nitaupanda bondeni." Wote wawili walilima kwa bidii, na jirani waliopita njiani waliwasifu.

Mvua zilipokoma, majani ya magimbi yakajikunja, yakageuka rangi ya manjano. Mkubwa alipochimba alikuta viazi vidogo kama kidole gumba. Kule bondeni mizizi ya nderema ilioza. Mashina machache yaliyosalia yalilala matopeni, maana hayakuwa na kitu cha kushika, na konokono wakayala. Mwaka ule watu wa nyumba ile walikula kwa kufanya kibarua katika mashamba ya wengine.

Mama hakuwagombeza. Aliwaambia, "Hakuna kati yenu aliyekuwa mvivu, wala hakuna aliyechagua mmea mbaya. Kosa lenu ni hili: mlichagua mmea kabla ya kuutazama udongo."

Ili kosa hilo lisirudiwe, yafaa tabia za mimea hii miwili zijulikane.

MAGIMBI

Magimbi ni mmea wa zamani sana. Asili yake ni Asia, na tangu kale umelimwa katika nchi nyingi za joto. Katika Kenya watu wengi huyaita nduma. Jani lake ni kubwa, lina umbo la moyo, na kikonyo chake hakikushika ukingoni mwa jani, bali hushika upande wa chini, ndani kidogo ya ukingo. Tone la maji likianguka juu ya jani halilowi; huviringana kama ushanga wa kioo, kisha huteleza likaanguka.

Mimea mingi hufa mizizi yake ikizama majini, kwa kuwa mizizi nayo yahitaji hewa. Magimbi hayafi. Ukikata kikonyo cha gimbi utaona ndani yake vitundu vingi vidogo, kama sifongo. Vitundu hivyo hupitisha hewa kutoka juu mpaka chini, na kwa njia hiyo mizizi hupata hewa hata ndani ya matope.

Magimbi hayapandwi kwa mbegu. Mkulima huchukua machipukizi yaliyoota kando ya shina la zamani, au hukata kichwa cha gimbi pamoja na sehemu ya vikonyo vyake, akakipanda. Nafasi kati ya shina na shina yafaa iwe futi 2 au 3. Kisha yampasa kuwa na subira, kwa sababu magimbi hukaa ardhini miezi 6 hata 12 kabla ya kukomaa, na penye baridi huweza kukaa zaidi. Lakini subira hiyo ina malipo. Gimbi lililokomaa huweza kuachwa ardhini kwa muda, likachimbwa siku lihitajiwapo. Kwa hiyo shamba la magimbi ni kama ghala isiyo na mlango.

Jambo moja lisisahauliwe: gimbi bichi haliliwi kamwe, wala majani yake mabichi. Ndani yake mna chembe ndogo mno, zenye ncha kali kama sindano, zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huchoma ulimi na koo, na mtoto aliyeonja gimbi bichi hulia kwa maumivu. Hata mikono ya mpishi huwasha wakati wa kumenya, ndiyo maana wengine huipaka mafuta kwanza. Gimbi lililopikwa mpaka likawa laini kabisa halina madhara hayo, nalo ni chakula kizuri cha asubuhi. Watu wa pwani hulipika kwa tui la nazi, likawa futari katika mwezi wa Ramadhani.

NDEREMA

Nderema ni mboga ipandayo. Shina lake ni laini, la rangi ya kijani au nyekundu ya zambarau, nalo hujizungusha katika kila kitu kilicho karibu: ua, mti, au kamba. Likipata tegemeo huweza kupanda futi 10 na kupita. Lisipopata, hutambaa chini, majani yakachafuka udongo na kuliwa na wadudu. Matunda yake ni madogo, na yakiiva huwa meusi, yenye maji ya zambarau yatiayo doa katika nguo.

Majani ya nderema ni manene, na yakipikwa huteleza kama bamia. Unene huu ndio uliomdanganya yule mwana mdogo. Nderema yataka udongo wenye unyevu na rutuba, lakini haitaki maji yaliyosimama. Yapaswa kumwagiliwa mara kwa mara, na maji yapate njia ya kupita. Ikikosa maji kabisa, hutoa maua upesi, na majani yake huwa madogo na magumu.

Huweza kupandwa kwa mbegu au kwa vipande vya shina. Mbegu zikilowekwa majini usiku mmoja huota upesi zaidi. Anayetumia shina hukata kipande cha urefu wa shubiri moja, akakichomeka katika udongo uliotiwa samadi. Nafasi ya futi 1 yatosha, kwa sababu mmea huu hutafuta nafasi yake juu, si chini. Baada ya wiki 6 au 8 hivi mchumaji huanza kukata ncha za matawi. Kila ncha ikatwapo, matawi mapya hutoka kando, na kwa hiyo kuchuma kwenyewe huzidisha mboga. Majani hayo yana vitamini A na vitamini C, zilindazo macho na afya ya mwili.

IPI NI BORA?

Mtu akiuliza, "Bora ni magimbi au nderema?" yafaa aulizwe kwanza, "Bora kwa udongo gani, na kwa haja gani?" Magimbi hujaza tumbo, nderema husaidia ugali kushuka na kuupa mwili nguvu ya kuzuia maradhi. Magimbi huchukua mwaka; nderema huchukua miezi miwili. Magimbi yataka mahali papana penye maji. Nderema yatosheka na ukuta na kijiti. Nderema ni mboga ya leo, na magimbi ni akiba ya kesho. Nyumba yenye busara huhitaji vyote viwili.

Asiye na bonde asikate tamaa. Huweza kuchimba handaki la kina cha futi 2, akatandika karatasi ya nailoni chini ili maji yasipotee, akarudisha udongo uliochanganywa na samadi, na kumwagilia. Wakulima wengi wa Kenya hupanda nduma hivyo. Aliye karibu na mto naye asilime ukingoni kabisa, maana udongo uliolimwa hubomoka ukachukuliwa na maji. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 hulinda kingo za mito na maziwa kwa umbali wa mita 60.

Wana wa yule mjane walibadilishana mahali mwaka wa pili. Mdogo alisimamisha vijiti penye ukuta wa nyumba, akapanda nderema, na kabla ya miezi miwili kwisha mama alikuwa akichuma mboga akiwa mlangoni pake. Mkubwa alipanda magimbi katika kipande kile cha matope. Mwaka ule vuli haikunyesha vema, na mahindi ya jirani yalikauka. Ndipo mkubwa alipochukua jembe, akashuka bondeni na kuchimba. Jioni chungu kilijaa, na jirani aliyekuja kuomba hakurudi mikono mitupu.

MASWALI

1. Kwa nini magimbi yaliyopandwa karibu na nyumba hayakukua?
2. Jambo gani katika majani ya nderema lilimdanganya mwana mdogo?
3. Mizizi ya magimbi hupataje hewa ndani ya matope?
4. Kwa nini gimbi bichi haliliwi?
5. Tazameni udongo wa bustani ya shule, penye maji na pakavu. Andikeni mahali panapofaa magimbi na panapofaa nderema, na sababu zake.