Mafunzo Niliyopata kwa Bia Iliyozidi Gesi Chupani

Napika bia nyumbani Uingereza, ambako tangu 1963 hakuna leseni inayodaiwa kwa bia ya kunywa mwenyewe. Wewe unayeanza leo utanipita kwa ufundi. Gesi ya chupani, hata hivyo, iheshimu tangu mwanzo.

1. Jikinge kabla ya kuokoa bia

Usiku mmoja wa joto chupa ilipasuka stoo. Kilichonishtua ni vipande vya kioo nilivyokuta vimezama kwenye mbao za mlango. Tangu hapo sigusi chupa ninayoitilia shaka bila miwani ya kinga, glavu nene na mikono mirefu. Kreti naifunika blanketi zito kwanza.

2. Baridi ndiyo dawa

Gesi huyeyuka zaidi kwenye kimiminika baridi, kwa hiyo msukumo hupungua. Ziache chupa kwenye friji siku mbili. Kisha inua ukingo wa kizibo kidogo kwa opena, isikilize ikipumua, na povu likikaribia mdomo achia. Zikishatulia, zifunge kwa vizibo vipya. Niliogopa kwamba bia ingeharibika, lakini gesi inayotoka huizuia hewa kuingia, na ladha ilibaki vilevile.

3. Sukari husingiziwa

Kwa muda mrefu nilikuwa napunguza sukari ya kutilia gesi, na chupa zikaendelea kufoka. Kumbe gramu 6 kwa lita hazina ubaya wowote. Bia ndiyo ilikuwa haijamaliza kuchacha. Haidromita ikisoma 1.014, na bia hiyo ilikuwa ishuke hadi 1.010, umeifungia hamira chakula cha kuzaa gesi karibu sawa na ya gramu 8 za sukari kwa kila lita, juu ya ile uliyotia kwa mkono wako. Mapovu kukoma kwenye pipa si ushahidi. Pima leo, kesho na keshokutwa. Namba isipobadilika, ndipo ujaze chupa.

Bia ikizidi kupanda gesi wiki baada ya wiki huku ikiwa nyepesi au chachu mdomoni, hapo pana vijidudu. Fungua bomba la pipa vipandevipande, na mpira wa kujazia utupe.

4. Jaza chupa moja ya plastiki

Katika kila mpiko, bia moja naitia kwenye chupa tupu ya soda. Kila asubuhi naibonyeza. Ikiwa ngumu kama jiwe, zote zinaingia kwenye friji siku hiyohiyo.