Viungo vya Mwanzi wa Kuvulia Vikikwama

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, karibu na Songea. Mtu avuaye samaki huko kwa mwanzi wa vipande viunganishwavyo kwa mirija ya shaba yampasa ajue haya, kwa kuwa mwanzi ukivunjika hasara ni yake.

Maji na mchanga viingiapo katika kiungo, shaba hufanya kutu ya kijani, vipande vikashikana. Twawashauri msiupotoe mwanzi, maana nyuzi zake hupasuka. Vuteni kwa kunyoka. Watu wawili wakabiliane, kila mmoja ashike kwa mkono mmoja upande wake wa kiungo, na kwa mkono wa pili upande wa mwenzake, kisha wavute pamoja.

Ikishindikana, umwagieni mrija wa nje maji ya moto. Shaba hutanuka kwa joto, na mrija wa nje hutanuka kabla ya wa ndani. Basi vuteni papo hapo. Msiuweke motoni, gundi isije ikaachia.

Kila jioni tenganisheni vipande, vipanguseni kwa kitambaa kikavu, mkaviweke kivulini. Kiungo kilicholala kikavu hakisumbui asubuhi.