Anatetemeka Kabla ya Mbio: Kocha Awajibu Wazazi wa Mwea

Mwanangu huenda chooni mara tatu kabla ya mbio. Je, hana moyo wa michezo? (Barua nne, kutoka Wang'uru, Kutus na Kagio)

Nazijibu pamoja kwa sababu swali ni lile lile, na nimechoka kulisikia, hata kwa walimu wa michezo. Ubongo ukijua kuna kazi mbele, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hupiga haraka ili misuli ipate damu, tumbo hupunguziwa yake na kuvurugika, viganja hulowa, mdomo hukauka. Mwili unajiandaa, basi. Mabingwa nao hupitia hayo.

Ukimkemea "Wacha uoga!" umemwongezea mzigo: sasa anaogopa mbio, na anaogopa pia kuonekana anaogopa. Mwambie mwili wake uko tayari, kisha umpe la kufanya. Mkimbiaji wangu hukaza kamba za viatu, cha kushoto kwanza. Huvuta pumzi, huitoa polepole zaidi ya alivyoivuta, kisha hutazama mita ishirini za mwanzo tu. Haya tunayafanya mazoezini kando ya mifereji ya mpunga, wenzake wakitazama na kucheka. Usimfundishe asubuhi ya mashindano, umechelewa.

Kuna mzee anauza dawa ya kutoa woga. Nimnunulie?

Nunua viatu.

Binti yangu alikuwa wa sita, sasa anasema hawezi. Nimpe moyo vipi?

Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri hapo jirani, alikuwa wa sita katika marathoni ya Boston mwaka 1999. Mwaka uliofuata alishinda, akarudia 2001, 2004 na 2005. Lakini usimmiminie hadithi za Ndereba ukadhani umemaliza kazi. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na yale aliyokwisha kuyafanya mwenyewe. Sifa za mdomo ziko chini ya hapo. Mpe daftari aandike muda wake kila wiki. Siku akisema hawezi, mfungulie kurasa za Januari.

Nikimpigia kelele kando ya uwanja, si namtia nguvu?

Unamtia aibu. Anakusikia wewe, hamsikii kocha. Kaa, nyamaza, na akimaliza muulize kama ana njaa.

Akishindwa nimchape kidogo?

Hapana.