Ukitaka Nshomile Asome Tena, Anzia Ukerewe

Mtu akiniomba nimpendekezee kitabu, simtajii kitabu. Namuuliza kwanza: wiki hii nyumbani kwenu mmebishania nini? Akisema ni mahari ya binti, au shemeji aliyekopa akapotea, au mzee aliyegawa kibanja kwa upendeleo, nusu ya kazi yangu imeshakwisha. Huku kwetu, kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba, mtu anaweza kuahirisha kula lakini hataahirisha kubisha. Kitabu kinachoukuta ubishi umeshawaka hakihitaji kupigiwa debe.

Wanaosema Watanzania ni wavivu wa kusoma sikubaliani nao. Kilichowatoa watu wazima kwenye vitabu ni mtihani. Wengi walikutana na riwaya kwa mara ya mwisho kidato cha nne, wakikariri dhamira, ujumbe na mtazamo wa mwandishi. Matokeo yalipotoka, riwaya ikaenda kufungia vitumbua. Ndiyo maana simpi mtu mzima kitabu alichofanyia mtihani. Takadini na Watoto wa Mama N'tilie ni vitabu vizuri, lakini mhitimu akiona jalada tu anaanza kutafuta kalamu. Mwache, atavirudia mwenyewe akizeeka. Ninachoruhusu ni Ngoswe ya Edwin Semzaba, tena msimu wa sensa. Mwaka 2022, makarani walipokuwa wakipita na vishikwambi, niliwasomea jirani zangu kisa cha karani yule aliyefika kijijini kuhesabu watu akaishia kuhesabu mapigo ya moyo wake kwa binti wa mwenyeji. Karani aliyekuja kwetu alikaribishwa chai, lakini mabinti waliambiwa wakae jikoni.

Sasa twende Ukerewe. Nshomile, yaani Mhaya msomi, aliyeacha kusoma nampa kwanza Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, riwaya ya Aniceti Kitereza. Najua ni kitabu kinene, kinaweza kuegemeza mlango. Lakini Kikerewe na Kihaya ni lugha ndugu, ndizi ni zilezile na ziwa ni lilelile, kwa hiyo msomaji wa Muleba anakifungua huku nusu ya mambo yaliyomo anayajua tangu utotoni. Tena Kitereza mwenyewe si mgeni kwetu: alisoma miaka mingi katika Seminari ya Rubya, humu humu Muleba. Riwaya aliiandika kwa Kikerewe, akaikamilisha mwaka 1945, ikakosa mchapishaji. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Ukimweleza mtu habari hiyo kabla ya kumkabidhi kitabu, anakipokea kwa mikono miwili.

Usimwambie aanze ukurasa wa kwanza akaze mwendo hadi wa mwisho, atakurudishia baada ya siku mbili akisema, “Waitu, kazi zimenibana.” Mfungulie pale Bugonoka anapochukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndugu wa mume wanamsimanga kuwa hazai, halafu Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe na kutozwa faini ya pombe ya ndizi. Hapo hakuna mwanamume wa Kagera atakayenyamaza. Niliisoma sehemu hiyo kwa sauti katika baraza moja Kamachumu, na nilipofika kwenye utengenezaji wa pombe mzee mmoja alinikatisha: “Huyo mwandishi wako ndizi zake zimeiva mno.” Kukazuka mjadala wa rubisi uliochukua muda mrefu kuliko usomaji. Nilifunga kitabu, nikakiacha mezani, nikaaga. Hiyo nayo ni mbinu: koma pale mgogoro unapopamba moto, halafu kisahau kitabu kwa makusudi. Niliporudi kukichukua, mzee alikuwa ameshavuka sehemu ya mganga, na hakuwa tayari kukiachia. Wajukuu waliosoma shule za Kiingereza hawana kisingizio, kwani Gabriel Ruhumbika, naye wa Ukerewe, alitoa tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 2002.

Kutoka kwa Kitereza ni hatua fupi hadi kwa Euphrase Kezilahabi, Mkerewe mwingine, aliyefariki Januari 2020. Rosa Mistika ya mwaka 1971 nawapa akina baba wenye mabinti sekondari. Zakaria, baba mlevi anayemtandika bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, kila baba ninayemwazima kitabu anamtambua haraka sana, ila daima anamtambua kuwa ni jirani yake. Akina mama wanakimaliza upesi zaidi, na wao hawanitajii jirani yeyote. Kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, jambo ambalo hulitaja mapema maana hakuna tangazo linaloishinda marufuku. Kwa aliyeishi enzi za vijiji vya ujamaa, Gamba la Nyoka (1979) inafuata. Nagona na Mzingile vifiche kwanza. Ni vyembamba, na wembamba wao ni mtego: mtu anadhani atavimaliza kati ya Muleba na Bukoba ndani ya Hiace, kumbe akifika stendi bado anajiuliza ni nani aliyekuwa anazungumza na nani.

Vitabu vya kuchekesha je? Hapa Muleba inabidi niwe mwangalifu, kwa sababu sisi tuliwahi kucheka hadi shule ikafungwa. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi 3 walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hadi tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa, na wengine waliporudishwa makwao hali hiyo ikafika Nshamba. Madaktari walioandika kuhusu mkasa huo mwaka 1963 hawakupata sumu wala vijidudu, na haikuwa furaha pia, kwani waliocheka walilia vilevile. Nautaja mkasa huo kwa wageni wanaodhani ni hadithi ya kutunga, na kwa wenyeji ambao nao wanadhani ni hadithi ya kutunga.

Kwa kicheko kisichofunga shule, chaguo langu ni Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Watu wanamwogopa Shakespeare kwa sababu walimkuta darasani akiwa amevaa Kiingereza cha kale. Mpeleke kwenye kikao cha VICOBA uone. Kijana Bassanio anataka kuonekana ana fedha mbele ya mchumba, hana, anamtumia rafiki yake Antonio kama mdhamini, na mkopeshaji, Myahudi aitwaye Shylock, anaandika mkataba wa ratili ya nyama ya mdhamini. Nani Bukoba hamjui Bassanio? Ndiye anayekuja Krismasi na gari la kuazima. Na mikopo ya kausha damu inayowatoa watu jasho mitaani leo, Shylock angeielewa bila kufafanuliwa. Mweka hazina mmoja alipomaliza kusoma tukio la mahakamani aliniambia kosa la Shylock ni moja tu: hakuchukua dhamana ya kibanja. Hata hivyo onyo ni lazima: jinsi mchezo unavyomchora Myahudi ni chuki ya Ulaya ya zama zile, na msomaji aambiwe hivyo waziwazi asije akaimeza pamoja na kicheko. Baada ya hapo mpe Shamba la Wanyama, Orwell aliyefasiriwa na Fortunatus Kawegere mwaka 1967, hasa kama mtu huyo ni mjumbe wa kamati yoyote ile.

Wapo wanaodharau simulizi za WhatsApp zinazotoka kipande kwa kipande kila usiku. Mimi siwadharau wasomaji wake hata kidogo. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuangalia kama sehemu inayofuata imetumwa ni msomaji kuliko mwalimu wangu mmoja wa fasihi. Huyo usimpeleke kwa Shaaban Robert moja kwa moja. Mpe Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974), akutane na jasusi Willy Gamba, au Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965). Kisha Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kabla hajaangalia filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, maana akianza na filamu atakuambia kitabu ameshakijua. Akifika hapo yuko tayari kwa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Nobeli. Mtoto Yusuf anayetolewa kwa tajiri kufidia deni la baba yake anamrudisha msomaji palepale kwenye ule ubishi wa mikopo. Hicho nakipendekeza kwa anayepanda meli usiku kutoka Kemondo kwenda Mwanza. Safari ya msafara wa biashara kuelekea bara inanoga zaidi ukiwa majini.

Kipo kitabu kimoja nisichompelekea mtu mpaka aniombe mwenyewe. Ni Kisiki Kikavu cha Aldin Mutembei (2005), riwaya inayohusu UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza kuripotiwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu, na zipo nyumba huku ambazo bibi alilea wajukuu peke yake. Mutembei alitafiti pia jinsi ushairi na nyimbo za Wahaya zilivyousema ugonjwa huo. Mizaha yangu yote huishia mlangoni mwa kitabu hicho.

Na mzee asiyesoma kabisa usimwache nje. Mtafutie kanda za Habibu Selemani, mpiga enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, aliyefariki mwaka 1993, msikilize pamoja. Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyezichunguza tendi zinazoimbwa kwa enanga kwa miaka mingi, aliandika juu yake kama mmoja wa manju wa mwisho. Mzee akishaanza kueleza nani alimuua nani, kijana wako ataelewa kwamba kabla ya kidato cha nne palikuwapo fasihi.

Mambo ya vitendo ni machache. Maktaba ya mkoa iko Bukoba mjini, na watu wanapita mbele yake kila siku wakilalamika kwamba vitabu ni ghali. Kitabu unachoazima kiandike kwenye daftari mbele ya anayeazima, hata awe padri, hasa akiwa padri. Kifunike kwa nailoni, mvua zetu hazina ratiba. Na Novemba, senene wakianguka, usiazime kitu: usiku watu wako kwenye taa wakikamata, mchana vidole vina mafuta, na nakala yangu ya Kusadikika ina alama ya bawa ukurasa wa katikati mpaka leo.

Kinachonikwamisha sasa ni uhaba wa Kitereza. Toleo lile la Kiswahili la mwaka 1980 silioni madukani huku, na ninayo nakala moja tu inayozunguka. Kama wewe ni wa Rubya, Nshamba, Kashozi au popote mkoani, na marehemu baba aliacha moja kabatini, itoe, ifute vumbi, umwazime jirani mnayebishana naye zaidi.